Mbono Kaburi

Hapa Essence, Cirhuza, petroli imebaki jina la mahali.
Njiapanda ipo, wauza bidoni wapo,
bidoni zenyewe zimelala ubavu tangu Jumatatu,
midomo wazi, kama watu waliosahau walichotaka kusema.
Wanasema daraja la njia ya Uvira limekwenda na mvua.
Wanasema lori liko njiani.
Lori huwa njiani.

Mashine yako imenyamaza siku ya nne.
Kuku ametaga mle unamopita unga.
Wanawake wamepanga mabeseni ukutani,
mihogo mikavu, myeupe, hadi barabarani,
wananitazama kana kwamba mazutu natoa kifuani.

Nikapanda kwako.

Unakumbuka mwaka ule wa mradi, wa fulana na kofia za bure?
Bwana mwenye viatu visivyojua tope akatwambia:
ng'oeni mihogo, pandeni mbono,
kila mbegu tone, kila tone dola.
Mushagalusa akang'oa.
Mwaka uliofuata alinunua unga kwa kikombe,
na bwana yule hatujasikia tena hata honi yake.
Wewe ulicheka kwa pua.
Ukachukua miche ishirini, ukaichomeka mpakani,
pale kilima kinapomeguka kila masika.
«Mihogo ibaki katikati. Hii itashika udongo.
Tena mbuzi hawaigusi, wana akili kuliko mradi.»

Hukujua, mume wangu, ulikuwa unapima chumba chako.

Nimechuma nikikuzunguka, mimi na Nsimire.
Matunda makavu, meusi, yanalia mkononi kama njuga.
Nimemkataza mtoto asilambe vidole:
mbegu hii ni tamu mdomoni,
kisha inakung'uta tumbo kama gunia.
Kilo nne kwa lita, anasema fundi Birindwa.
Kilo tano, inasema mizani.

Tumekamua kwa jeki ya gari.
Tumechuja kwa shati lako la harusi
(usinune, lilikuwa limebaki bila kola).
Yakashuka mafuta, rangi ya chai ya mgeni asiyependwa,
tone,
nikahesabu mpaka mia mbili, nikachoka,
tone.

«Leta ile chupa,» akasema Birindwa.
Chupa gani?
«Ya mazutu, mama. Chini ya kitanda.»
Mji huu hauna siri, una heshima tu.
Tukaiwasha kwa mazutu, ikapata joto,
kisha tukaifungulia ya kwako, polepole.

Ikakohoa.
Kikohozi nilichokijua, cha usiku, cha mwezi wa tatu.
Nikashika ukuta.
Kisha mkanda ukakubali, bati likatetemeka,
kuku akaruka akitukana,
na moshi ukanuka mandazi yaliyoungua,
hata watoto wa Panzi wakaja na mia mia zao mkononi,
wakakuta unga tu.

Mabeseni saba.
La nane lilipoinuliwa chujio likaziba gundi, mashine ikafa,
na waliokuwa nyuma wakajitwisha mihogo yao wakaondoka.
Mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika:
huyu mjane anatulisha kaburi.
Sikumjibu. Nilikuwa na mafuta hadi kwenye viwiko.

Usiku nimesonga bugali. Unga ni unga.
Moto chini yake ulikuwa makala yaleyale,
msitu wa mtu fulani, siwezi kila kitu.
Mashudu nimekurudishia, nimeyafukia upande wa miguu,
hayaliwi na mnyama, ila udongo unayapenda.
Mitatu kati ya ile ishirini imeanza kutoa majani.

Lori lilifika Alhamisi.
Bei imepanda, usiulize.
Nimenunua chupa moja,
ya kuwashia tu.